Mgeni Aliyemwita Wilhelmina

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Tangawizi hakuwahi kupona kwa mgeni yeyote, na alikuwa akilisema jambo hilo waziwazi, hata mlangoni pa kanisa.

Jina la Tangawizi alibandikwa angali mtoto, kwa jinsi ulimi wake ulivyowasha, nalo likamganda. Kisiwa kizima cha Montserrat, kule Karibi, kilimwita hivyo. Mchungaji alimwita hivyo. Hata mpeleka barua, aliposhika bahasha ya serikali yenye jina lake la ubatizo, alisimama uani akapaza sauti, "Bi Tangawizi, wamekuandikia tena!" Hilo la ubatizo watu wangekuja kulisikia siku ya maziko yake, nao wangeulizana ni nani huyo anayezikwa.

Alizaliwa kusini, chini ya mlima. Mlima ulipoanza kutema moto na majivu yakaufunika mji, wengi walipanda meli kwenda Uingereza. Yeye alipanda kilima cha kaskazini tu, na mbuzi wake nyuma, akajenga vyumba viwili, akaanza kuuza mkate na maji ya tangawizi. Hakuomba mtu kitu. Alimshuku muuza samaki kwa mizani yake, akamshuku daktari kwa kuwa anacheka mno, na mlango wake aliufunga kwa nondo mchana kweupe.

Jumamosi moja alikuwa anakanda unga simu ikalia. Alikuwa Avonelle, binti wa jirani, aliyekuwa ofisa wa uhamiaji kule bandarini.

"Bi Tangawizi, mgeni wako amefika na boti ya Antigua."

"Sina mgeni."

"Ameandika kwamba atafikia kwa Bi Tuitt, na Bi Tuitt aliyebaki kisiwani ni wewe."

"Na akiandika atafikia mbinguni, utampigia Petro?"

Avonelle akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Bi. Pasipoti yake ni ya Uingereza, viza haihitaji. Lakini hana tiketi ya kurudi, na asipopata mwenyeji wa kumsemea, boti ikigeuza jioni anageuza nayo. Njoo umwone tu. Ukisema humjui, basi."

Bi Tangawizi alinawa unga, akavaa kofia ya kanisani, akateremka. Njiani alikuwa anamfikiria Ernestine. Huyo Ernestine aliwahi kumsemea bandarini mtu mwenye Biblia kubwa, eti ndugu katika imani. Ndugu akakaa, akala, akasali, akaondoka na jenereta ya kanisa. Tangu hapo Ernestine hukaa benchi la nyuma kabisa, na wimbo ukianza hafungui kinywa. Bi Tangawizi alikuwa na benchi lake la mbele, na hakuwa tayari kulihama kwa ajili ya kijana wa kwenye boti.

Alimkuta amesimama mbele ya meza ya forodha, mrefu, viatu vyeupe, begi lake limefunguliwa kama samaki aliyepasuliwa. Maembe aliyonunua Antigua yalikuwa yamekwisha kutengwa pembeni, maana matunda hayaingii kisiwani bila kibali. Kila mara kijana alikuwa anaitazama simu yake. Hilo Bi Tangawizi aliliona kabla ya kuuona uso wake.

"Habari za mchana, Bi Wilhelmina," kijana akasema, akainamisha kichwa.

Avonelle akainua macho. "Bi nani?"

"Umemsikia mwenyewe," Bi Tangawizi akasema, kwa raha ya mtu aliyeshika panya mkiani. "Nani hapa ananijua kwa jina hilo? Wewe umezaliwa nyumba ya pili, ulikuwa unalijua?"

"Sikulijua."

"Basi. Jina hilo liko kwenye makaratasi. Anayenijua kwa makaratasi ni mwizi au ni serikali, na viatu hivi si vya serikali. Mrudishe."

Avonelle alivuta pasipoti. Kijana hakulia wala hakubisha. Alisema tu, polepole, "Babu hajawahi kukutaja kwa jina jingine. Sikujua kama unalo."

"Babu yako ni nani?"

"Nathaniel Tuitt. Mimi ni Marlon."

Jina la Nathaniel lilimchoma, lakini hakuonyesha. Nathaniel alikuwa kaka yake. Mwaka ule wa mlima aliondoka kwenda Uingereza na jiko la mkaa la mama yao, lile la chuma, amelificha sandukuni katikati ya nguo. Dada yake alilifungua sanduku palepale gatini, akamwita mwizi na mkimbizi mbele ya meli nzima. Nathaniel alilifunga, akapanda nalo. Tangu siku hiyo hawakuandikiana hata salamu ya Krismasi.

"Nathaniel anajulikana na kila mtu," akasema. "Alicheza kriketi, picha yake ilikuwa gazetini. Hata mimi ningeweza kujifanya mjukuu wake. Haya, babu yako huyo akinitaja husemaje?"

Marlon alisita, akamtazama Avonelle kama anayeomba radhi. "Bibi yangu akichelewa kumwitikia, babu humwambia, 'Umekuwa kama Wilhelmina. Hayo ni masikio au ni mapambo?'"

Bi Tangawizi akamtazama usoni upya.

Masikio au mapambo. Maneno hayo aliyasikia akiwa na meno ya maziwa, akiwa juu ya mti wa shelisheli na Nathaniel chini anamwita ateremke. Nathaniel alipokuwa na furaha alimwita Tangawizi kama watu wote. Akikasirika tu ndipo alipolitoa lile refu la ubatizo, silabi kwa silabi, kama anayehesabu viboko. Kumbe miaka yote hii Nathaniel hakuacha kumkasirikia. Kijana huyu alilelewa na hasira ile ile, ndiyo maana hakulijua jina jingine. Mwongo angekuja na Tangawizi, jina ambalo hata mbuzi wa kisiwa hiki wanalijua.

Lakini hakulegeza uso.

"Kwa nini huna tiketi ya kurudi? Na kwenye hiyo simu unamtazamia nani? Usinidanganye, nimeshavaa kofia."

Marlon akaiweka simu mezani. "Babu yuko Antigua, kwenye nyumba ya wageni. Alisema nitangulie. Nikirudishwa, tutarudi wote Uingereza. Nikipokewa, anapanda boti ya kesho. Ndiyo maana sikukata ya kurudi."

"Babu yako si mzaliwa wa hapa?" Avonelle akauliza. "Angekuja tu. Mzaliwa haulizwi viza, haulizwi tiketi, haulizwi mwenyeji. Hata mimi siwezi kumzuia."

"Babu hakuogopi wewe, dada."

Avonelle akakohoa, akashika muhuri. "Nimwandikie muda gani, Bi Tangawizi?"

"Sheria inasemaje?"

"Mpaka miezi sita."

"Mwandikie wiki mbili. Akiwa na adabu tutarudi kuomba nyingine."

Muhuri ukagonga. Simu ya Marlon ikatetemeka pale mezani. Akaisoma. "Anauliza aje au asije."

Bi Tangawizi alirekebisha kofia yake. "Kwanza nijue ana nini kwenye sanduku."

"Nguo. Na kitu kizito amekifunga kwenye blanketi. Hakuniruhusu hata kukibeba."

"Kizito cha chuma au kizito cha mawe?"

"Sijui. Kinagonga kama chuma."

Akamgeukia Avonelle. "Hebu niambie, jiko la mkaa, kuukuu, la nyumbani, linatozwa ushuru?"

"Kama si la biashara, halitozwi. Ila alitaje, asilifiche. Kitu kilichofichwa ndicho tunachokishika."

"Umesikia? Mwandikie hivyo. Asifiche, safari hii alitaje. Na forodha wakimuuliza ni mali ya nani, aseme ni ya Wilhelmina." Akafikiri kidogo. "Kama kweli ni jiko. Kama ni jiwe, tutaonana hapahapa."

Marlon aliandika, akafunga begi, akasimama kando ampishe bibi kupita mlangoni.

"Tangulia wewe," Bi Tangawizi akasema. "Mgeni simpi mgongo."