Abiria Kumi na Saba wa Lori la Mwezini

Hhi-hhi-hhi, kama mfuniko wa sufuria ya githeri inayoanza kuchemka. Hivyo ndivyo kicheko cha kwanza kilivyotoka, upande wa wanawake, siku niliposimamishwa mbele ya baraza zima nisome gazeti langu mwenyewe, na mpaka leo nikiwa peke yangu nachambua maharagwe nakisikia tena na masikio yananiwaka moto. Nimeona aibu nyingi (niliwahi kuteleza na mtungi wa maji mbele ya wageni waliokuja kumposa dada yangu), lakini ya baraza ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo acheni niwasimulie yote kwa mara moja, mnicheke mmalize.

Nilikuwa mhariri. Msicheke bado. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu nikaenda Embu mjini kumlelea mtoto Bi Zuhura, mke wa mwenye bucha, na mama huyo ndiye aliyeninyoosha Kiswahili, maana kila nikikosea alikuwa akisema, "Rwamba mwanangu, hilo neno umelivunja mguu, lirudie." Mumewe alikuwa na redio, na siku moja redio ikasema kwamba huko mbali kuna watu wanaounda chombo cha kwenda angani, pengine hata mwezini, na mimi niliyekuwa naosha vyombo nikabaki nimeshika sahani, maji yananidondokea miguuni, naota. Sijaacha kuota tangu siku hiyo.

Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu, ilipokaza nikarudishwa kwetu, nikakuta watu wamehamishwa wote kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, handaki limezunguka, na lango ni moja tu lenye homugadi wawili, walinzi wa kienyeji wa serikali. Kwenda shamba ni kwa ruhusa na kurudi ni kwa filimbi. Mahali kama hapo, mtu akikuambia kuna njia ya kufika mwezini utamsikiliza. Basi nikachukua daftari nililopewa na Bi Zuhura tulipoagana, nikaanzisha gazeti la hadithi za angani na za mitambo ambayo bado haijaundwa, nikaliita Mbali Juu. Mhariri mkuu mimi, mwandishi mimi, mchoraji mimi (nyota zilinitii, lakini watu walitoka kama viazi). Nakala ilikuwa moja tu, ikipita nyumba kwa nyumba ndani ya kikapu chini ya ndizi, na aliyejua kusoma aliwasomea wengine akiwageuzia kwa Kiembu, na mimi nilitembea kijijini nikijiona nina ofisi yenye meza na kengele.

Sasa, kosa lenyewe. Toleo la nne lilikuwa na hadithi ya lori lenye mabawa linalopakia watu kutoka kijijini na kwenda nao mwezini, na nikaogopa wasomaji wasije wakachoka kabla ya toleo la tano, nikaona heri kila mtu awekewe kiti chake. Ndiyo hiyo tu. Kwenye ukurasa wa mwisho nikachora safu tatu: jina la abiria, dole gumba lake kwa masizi kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, na mzigo atakaobeba. Nikaandika juu kabisa, "Tunaondoka mwezi ukiwa mpevu." Lo, jinsi nilivyojipongeza!

Wakajiandikisha kumi na saba. Wa mwisho alikuwa Cucu Marigu, bibi mzee mjane wa nyumba inayopakana na yetu, ambaye mwanawe alikuwa amechukuliwa na askari na hakuna aliyemwambia yuko kambi gani. Aliitazama ile sahani ya masizi kwa muda, kisha akauliza, "Ukiwa kule mwezini, huku chini kunaonekana?"

"Kunaonekana kote, cucu."

"Hata makambi?"

Nikasema hata makambi. (Mngesema nini ninyi?) Akachovya dole, akaligandamiza kwa nguvu zake zote. "Basi niandikie na mbuzi wangu. Simwachi kwa hawa homugadi."

Siku mbili baadaye, kikapu kikapekuliwa langoni. Hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, mtu mnene mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula, akasoma ukurasa wa mwisho mara tatu midomo ikicheza. Ninyi mliokuwepo miaka ile mnajua alichokiona, na wadogo niwaambie: orodha ya majina, alama za vidole, mbuzi mmoja, na siku ya mwezi mpevu. Wakati ule vitu hivyo vikikaa pamoja vilikuwa na maana moja tu, nayo ni kiapo cha watu wa msituni waliokuwa wakipigana na Wazungu.

Kesho yake asubuhi filimbi ikalia tukakusanywa barazani. Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, alikuwa ameketi kwenye meza, na pembeni yake amesimama mkalimani wake, Njeru. (Huyo Njeru nitamrudia, msiniharakishe.) Majina yakasomwa moja moja, na kila aliyetajwa akapandishwa lori la kupelekwa kambini kuhojiwa, na wengi waliokwenda huko kuhojiwa hatukuwa tumewaona tena. Nikamwona Cucu Marigu akisukumwa juu, kiatu kimoja kimebaki chini. Wasomaji wangu! Lori la kwanza walilolipanda kwa ajili ya gazeti langu, na haliendi mwezini.

Sijui miguu ilinipeleka vipi. Nikajikuta mbele ya meza napiga kelele, "Ni hadithi tu! Hakuna kiapo! Mimi ndiye mhariri!"

Bwana Shauri akasema maneno, na Njeru akayageuza bila kunitazama: "Anasema, kama ni hadithi, isome hapa mbele ya watu. Yote. Ukiruka hata mstari mmoja, lori linaondoka."

Yote. Ni mimi peke yangu niliyekumbuka vizuri kilichokuwa ukurasa wa tatu, na Mungu anihurumie, wa sita.

Nikaanza. Nasoma Kiswahili, Njeru anageuza Kiingereza, na mzee mmoja anawageuzia watu Kiembu. Ukurasa wa tatu: "Mfalme wa mwezini alikuwa na tumbo kama gunia la njugu, na alipotaka uji hakumwita mke wake kwa jina, alimpigia filimbi." Hhi-hhi-hhi. Ndicho kile kicheko. Kisha kingine, kisha baraza zima likageuka kumtazama Hedimani, naye akaishika filimbi yake kama mtu anayeficha kidonda.

"Huyu mtoto ananitukana!" akafoka.

"Kwani wewe unakaa mwezini?" sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka kwenye lori.

Nikatamani ardhi inifunike, lakini nikasoma. Ukurasa wa nne, wa tano. Wa sita. "Nahodha wa lori alikuwa kijana mrefu mwenye kovu dogo shavuni, na koti lake la kaki lilikosa kifungo cha pili, na alipozungumza, msichana aliyeketi nyuma yake alisahau kama anaogopa kuruka." Nikanyamaza nimsubiri mkalimani. Alikuwa ameweka mkono kifuani, pale kwenye uzi mtupu uliobaki wa kifungo, na kovu lilikuwa hapo hapo shavuni kwake ambapo watu mia mbili wangeliona.

"Geuza!" Bwana Shauri akaamuru, na Njeru akageuza, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Endelea, Rwamba," yule mwanamke wa kwenye lori akaita, "tujue kama nahodha amekubali!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nililia, siwafichi, nikasoma huku nalia, na pua ilitoka kamasi sikuwa na pa kujifutia. Mpaka nikafika kwenye barua za wasomaji. Nilikuwa nimeandika vile vile alivyosema: "Cucu Marigu anaomba kiti cha dirishani, ili akiwa juu amtafute mwanawe kambi kwa kambi, na akimwona amrushie blanketi."

Kicheko kikakatika. Njeru aligeuza maneno hayo polepole, neno kwa neno, na alipomaliza hata Hedimani alikuwa anatazama ardhi. Bwana Shauri akauliza mbuzi ni wa nini.

Cucu Marigu akajibu mwenyewe kutoka juu ya lori, "Ni wa maziwa! Kwani kule mnafikiri kuna duka?"

Mzungu akacheka. Si sana, lakini akacheka, akapunga mkono, na abiria wangu wakateremshwa wote kumi na saba. Daftari akalitia kwenye mkoba wake, na kwa kuandikishana bila ruhusa akawapa kila mmoja siku tatu za kuchimba handaki. Mimi sikupewa hata siku moja, kwa sababu jina la mhariri halikuwa kwenye orodha.

Njeru alipopita karibu yangu akikusanya karatasi akasema chini chini, "Kifungo kilianguka kule Chuka. Ungeniuliza tu." Akaenda zake. Nilimkwepa miezi minne.

Bado ni mhariri, lakini wa mdomo: hadithi nazipanga kichwani, nazikata, nazirefusha, nawapa watu tukiwa tunapalilia. Ila nimeapa, hata siku nitakayopata mtambo wa kuchapia na ile meza yenye kengele, sitaandika jina la msomaji wangu popote. Mhariri anaweza kupotea angani na nahodha wake, ni sawa, lakini waliomwamini hawamo kwenye mchezo wake.

Asubuhi iliyofuata baraza lile, lango lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kutoka. Nikatafuta kipande cha handaki alichopimiwa Cucu Marigu, nikakichimba peke yangu mpaka viganja vikachubuka, nikausawazisha ukingo wake kwa mkono, nikachukua jembe na kuzungukia njia ya mtoni ili nisikutane naye.