Mashine ya Barafu Inayozimika Ijumaa

Niliacha kazi kwa Bi Zuhura, mwenye kiwanda kidogo cha barafu hapa Kilwa Masoko, lakini mashine yake ikigoma bado ananiita.

Juzi alinipigia simu. "Fundi, kila Ijumaa mchana inazimika, alasiri inajiwasha. Wavuvi wananikimbia! Enzi zako ulikuwa unaizima ukienda kuswali. Huyu fundi mpya ni Mkristo wa Kipatimu, Ijumaa habanduki hapa kiwandani. Sasa nani anaizima?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Nilikwenda, nikapima umeme, nikakagua nyaya, kisha nikawaeleza kwa kirefu kwamba pengine feni za misikiti yote zikiwashwa kwa pamoja, umeme hupungua. Fundi mpya alinisikiliza kwa adabu.

"Na kile kisanduku nyuma ya tangi, kaka?" akauliza. "Sijakigusa, sijui ni cha nani."

Nilikifungua. Ndani mlikuwa na saa ya kuzima na kuwasha umeme, niliyoifunga mwenyewe ili mashine isifanye kazi bila mwangalizi nikiwa msikitini. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Bi Zuhura, aliyeamini miaka yote naizima kwa mkono, alichungulia, akanitazama.

"Kumbe uliondoka, fundi," akasema, "Ijumaa yako ukaniachia."