Nilivyomsaidia mama mdogo kupata kibali cha bangi ya tiba Toronto, na kosa la kiungwana lililotuchelewesha

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuandika mara nne na kuufuta mara tatu. Kila nikitaka kubonyeza post nawaza, je, kuna mtu wa ukoo humu? Je, watu wa uhamiaji wanasoma Kiswahili?

Mwisho mama mdogo mwenyewe kaniambia, "Andika bwana, kuna wenzetu wanaumwa." Kwa hiyo naandika kwa ruhusa yake. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Ni mambo ya 2016, kabla Canada haijaruhusu bangi kwa kila mtu mzima. Wakati huo ilikuwa halali kwa mgonjwa mwenye karatasi ya daktari, basi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina digrii, nina kibali cha kazi cha muda, na kazi ya maana sina. Nikahamia kwa mama mdogo, Agincourt, mtaa wa Scarborough huku huku Toronto. Tumwite Ma'mdogo Saumu.

Ma'mdogo ni mtu wa Tanga. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, lakini Scarborough haimjui kwa kazi hiyo. Inamjua kwa hina. Maharusi wa Kisomali, wa Kipakistani, wa kwetu, wote walipita kwenye kiti chake cha plastiki pale jikoni, wamenyoosha mikono, hawaruhusiwi hata kujikuna pua.

Kisha akaugua saratani ya titi. Alhamdulillahi, alipona. Ila zile dawa za saratani zikamwachia zawadi mbaya: ziliharibu mishipa ya fahamu ya vidole. Mara ganzi, mara maumivu. Koni ya hina ikawa inamponyoka. Aliifungia ndani ya kabati na vitambaa vyake vyote.

Sasa mwaka huo binti yake, Rukia, alikuwa anaolewa Agosti. Rukia amekulia hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Tangu akiwa mdogo mama yake alimwahidi, "Siku yako, hina nitakupaka mimi. Asikuguse mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja, wakuu. Sio kulewa, sio starehe. Mama apate mikono kabla ya Agosti.

Dawa za kawaida alijaribu. Moja ilimvimbisha miguu, nyingine ilimfanya asinzie akiwa anakula. Nesi mmoja wa pale alikotibiwa saratani ndiye aliyetaja kwamba kuna wagonjwa wanaosaidiwa na mafuta ya bangi.

Ma'mdogo alivyosikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi? Mtoto wa Mzee Kombo, nivute bangi? Nikakae na wahuni nyuma ya soko?"

Hakuiongelea tena wiki mbili. Halafu Ijumaa moja alibaki msikitini akaongea na sheikh wetu. Sijui waliongea nini, sikuthubutu kuuliza. Alirudi, akavua viatu, akaniambia, "Haya msomi. Tafuta hizo karatasi."

Hapo ndipo ugonjwa wangu ukaanza.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, hilo nakiri. Sikutaka ku-google neno bangi kwenye simu yangu, nikaenda maktaba kutumia kompyuta yao, tena kwa incognito, kisibaki nilichotafuta. Nikafungua faili lenye vigawanyo vya rangi. Niliwaza jina langu likiandikwa popote karibu na neno hilo, ndoto yangu ya ukaazi wa kudumu imeota mbawa. Niliwaza na mbwa wa airport ya Dar wakininusa miaka kumi baadaye.

Halafu siku tano nzima nilitafuta kitu ambacho hakipo. Nilidhani kuna kadi ya serikali yenye picha. Hakuna. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa hivi: daktari anajaza karatasi yenye jina la mgonjwa, gramu ngapi kwa siku, na kwa muda gani, mwisho mwaka mmoja. Anasaini. Karatasi halisi inatumwa kwa mzalishaji mwenye leseni ya serikali, pamoja na fomu ya kujiandikisha. Mzalishaji anahakikisha kwa daktari, kisha unaagiza na mzigo unakuja kwa posta. Yale maduka ya mjini yenye jani la kijani mlangoni hayakuwa halali hata kama una karatasi.

Nikaenda na Ma'mdogo kwa family doctor wake, daktari wake wa siku zote. Akasema hana uzoefu na hiyo dawa, hawezi kusaini, ila atatupa rufaa kwenye kliniki moja North York pamoja na historia yake ya matibabu. Kumbe ndivyo inavyokuwa kwa wengi, usikate tamaa hapo.

Miadi ikapatikana mwezi wa sita, wiki saba kabla ya harusi.

Nikaenda kama mkalimani. Kiingereza Ma'mdogo anakijua, cha kazini, lakini mambo ya mwili wake anapenda kuyasema kwa Kiswahili. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilisoma mahali kwamba mkalimani hatakiwi kuongeza neno wala kupunguza neno. Nikaikariri hiyo kama aya.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, nywele za mvi. Akauliza, "Mikono ikoje?"

Ma'mdogo akaweka pochi yake vizuri mapajani, akatabasamu. "Nzuri, namshukuru Mungu."

Nikatafsiri. Nzuri, anamshukuru Mungu.

"Maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi?"

"Aaa, sema moja. Au mbili."

Nikatafsiri. Moja au mbili.

Daktari akapitia faili la family doctor. Kumbe mle nako, kila miadi, miezi na miezi, imeandikwa mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Akafunga faili taratibu. "Kwa maumivu ya mbili siwezi kuandika dawa hii. Nafurahi kwamba uko vizuri."

Ma'mdogo akasema, "Thank you, doctor." Tukatoka!

Wakuu, nilijua ni uongo. Nilikaa na yule mama nyumba moja, nilimwona akifungua mlango kwa viwiko. Lakini nilikuwa nimekazana na sheria yangu ya kutoongeza neno, nikahofia nikisema nitaonekana namtengenezea ugonjwa ili tupate bangi.

Kituoni alitaka kutoa tokeni ya basi kwenye pochi. Mliokuwa Toronto miaka ile mnazikumbuka zile tokeni, ndogo kama kifungo cha shati. Ikamponyoka. Akainama kuiokota, vidole vikawa vinaipapasa chini bila kuikamata, mara moja, mara mbili, mara tatu. Dereva anasubiri. Nikaiokota mimi.

Tulipokaa nikashindwa kuvumilia. "Ma'mdogo, vinauma kiasi gani?"

"Kama nimeshika sufuria bila kishikio, na siruhusiwi kuiachia."

"Sasa kwa nini hukumwambia daktari?"

Akanigeukia kama mimi ndiye mgonjwa. "Ameniuliza habari, mwanangu. Nimjibu kwa kilio? Mtu hatujajuana hata dakika tano? Hujibiwa nzuri kwanza. Angeuliza tena ningemwambia."

Naomba nisimame hapa kidogo.

Nani humu hajawahi kupigiwa simu kutoka nyumbani? "Habari za huko?" "Nzuri tu, wote wazima." "Watoto?" "Hawajambo." Unaongea dakika nzima, halafu ndiyo inakuja: "Ila baba mkubwa tumemzika juzi."

Ndivyo tulivyolelewa. Jibu la kwanza ni adabu, habari yenyewe iko nyuma yake. Lakini daktari wa Toronto anaandika jibu la kwanza na kufunga faili.

Nilipomsimulia Rukia alishika kichwa. "Mama! You told her TWO?"

"Usinipigie kelele. Kwani nilitukana?"

Nikapiga simu kliniki. Kabla ya kupiga niliandika ninachotaka kusema, nikafanya mazoezi bafuni. Wakatupa miadi mingine baada ya wiki tatu, wakasema tulete chochote kinachoonyesha maumivu yanavyomzuia katika shughuli zake.

Hapo wazo lilitoka kwa Ma'mdogo mwenyewe, sio kwangu. Mimi nilikuwa nimeshachora jedwali la safu tisa la kujaza maumivu ya kila siku. Akaliangalia, akalirudisha. "Nani anaumwa kwa mistari namna hii?"

Akatoa koni ya hina kabatini. Kila siku baada ya kifungua kinywa alichora ua moja kwenye karatasi nyeupe, lile lile, la petali nane. Pale mkono ulipokataa, aliacha. Siku nyingine alifika petali tano. Siku moja alifika mbili, halafu kuna doa kubwa la hina ambapo koni ilianguka. Rukia aliandika tarehe pembeni na kuzibandika ukutani jikoni.

Mimi nikala chakula wiki tatu nikitazamana na ule ukuta. Sikuwahi kujua kwamba maumivu yanaweza kuonekana.

Miadi ya pili nilivunja sheria yangu. Tulipoingia tu nikasema, "Daktari, samahani. Kwetu jibu la kwanza ni salamu. Tafadhali muulize mara tatu."

Daktari akanitazama. Nikaanza kuwaza tayari nimeharibu. Akavuta kiti chake karibu, akaweka kalamu chini.

"Saumu, mikono ikoje?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Mikono ikoje?"

Ma'mdogo akaniangalia, midomo inacheza kwa kicheko. "Nzuri tu... ila kuna siku hainisikii."

"Saumu. Mikono ikoje?"

Kisha Ma'mdogo akachukua bahasha yenye zile karatasi za ukutani, akaifungua kwa meno, maana vidole vilikataa, akamwaga maua yake yote mezani. "Nane," akasema. "Leo ni nane. Juzi ilikuwa tisa. Nina binti anaolewa."

Halafu akaongea. Wakuu, aliongea! Miezi yote ya "nzuri" ilitoka siku ile. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Daktari alikuwa anapanga zile karatasi kwa tarehe, anahesabu petali kwa kidole.

Akasaini.

Alimwandikia mafuta ambayo kile kinacholewesha kimo kwa kiasi kidogo sana, aanze na tone dogo, aongeze polepole, asiendeshe gari, na arudi baada ya miezi mitatu. Akaomba abaki na ua moja. Ma'mdogo akamchagulia lenye petali saba. "Hilo la mbili linanitia aibu."

Karatasi tukaituma siku hiyo hiyo. Uhakiki ulichukua siku tisa, na mimi siku tisa hizo nililala kwa mafungu. Siku ya mzigo nilijua mjumbe atakuja na polisi. Akaja kijana mwenye kaptula, akaomba saini, akasema siku njema, akaondoka. Boksi halina harufu, halina maandishi ya ajabu.

Ma'mdogo akainua kichupa kwenye mwanga. Kina jina lake kamili, na hiyo lebo ndiyo ushahidi wako, usiibandue. "Ndiyo bangi yenyewe hii? Kama mafuta ya kuchulia mtoto!"

Alasiri akanywa tone lake la kwanza. Akakaa kwenye kochi, mimi na Rukia mbele yake. "Nikianza kucheka ovyo mnishike."

Dakika thelathini, hakuna kitu. Dakika arobaini na tano, akaangua kicheko. Mimi nikaruka, nikashika simu nipige kliniki.

"Kaa chini! Nawacheka nyinyi. Mmenikodolea macho kama mnasubiri mwezi wa Idi."

Sitawadanganya kwamba ilikuwa miujiza. Siku za kwanza mdomo ulikauka na usingizi ulimzidi, ikabidi apunguze. Kupona kabisa hakupona. Lakini nane ikawa saba, ikawa tano. Kwenye ukuta wa jikoni maua yakaanza kufika petali sita, saba. Jumanne moja niliamka nikakuta ua zima, na chini yake ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Petali 8. Chai iko kwenye chupa."

Usiku wa hina nyumba ilijaa. Rukia akakaa kwenye kiti kile kile cha plastiki. Ma'mdogo alimpaka mkono wa kulia wote, kwa mapumziko matatu, na wa kushoto akawaachia wasichana aliowafundisha hina wamalizie huku akiwakosoa. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia kuna petali moja iliyopinda. Mmoja wa wasichana hao akataka kuirekebisha. Rukia akauvuta mkono wake na kusema, kwa Kiswahili, na hicho ndicho kilichomliza mama yake: "Usiguse. Hiyo ya mama."

Sasa faida kwa mwenye mgonjwa. Sheria zimebadilika tangu wakati ule, uliza kliniki utaratibu wa sasa. Usimpe mgonjwa bila daktari, na usithubutu kusafiri nayo kurudi nyumbani. Lakini kabla ya fomu yoyote, kaa na mgonjwa wako mkubaliane: mbele ya daktari, ukweli ndio adabu. Nami nilijifunza kwamba kuna wakati mkalimani anatakiwa kuongeza neno moja.

Ma'mdogo yeye amelichukua somo kupita kiasi. Siku hizi hana tena nzuri. Siku ya harusi wageni walikuwa wanampa mkono, "Shikamoo mama, habari za siku?" naye anawajibu kwa uso mkunjufu, "Marahaba. Tatu na nusu." Watu wakabaki wanatazamana. Leo nyumba nzima tunasalimiana hivyo.

Mimi wakati naanza uzi huu nilikuwa saba kwa wasiwasi. Sasa hivi niko mbili, na ni mbili ya kweli.

Haya wakuu, tiririkeni na nyinyi, hasa mliowahi kuuguza ugenini. Ila asianze mtu na "safi". Mko ngapi?