Kasete ya Kwenda Mwene-Ditu

Barua ya Yolande ilifika Kolwezi mwezi wa tano, mwaka wa tisini na nne. Ililetwa na Henriette, mama mchuuzi aliyekuwa akisafiri kwa treni hadi Mwene-Ditu na kurudi. Mado aliisomea jikoni, amesimama. Yolande alikuwa mzima, wazazi wake wazima. Walikaa kwa mjomba wao, watu kumi na moja katika vyumba viwili. Chini kabisa aliandika: "Mama Mado, muniandikie Falonne anasemaka nini siku hizi."

Mado akaisoma sentensi ile mara ya pili, kisha akaketi. Hakujua.

Falonne alikuwa kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na minne. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea masikio angali mdogo, kabla maneno hayajamkaa kinywani. Shule haikumpokea. Aliyempokea ni Yolande, binti wa jirani yao, mzee Ntambwe, karani wa mgodi. Wasichana wale wawili walijitungia lugha ya mikono uani, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaweza kuusengenya mtaa mzima bila sauti kutoka. Mado alipotaka kujua mtoto wake anaumwa wapi au amekasirikia nini, alimwita Yolande. Ilikuwa rahisi hivyo, naye hakujifunza zaidi ya "kula", "njoo" na "lala".

Kisha ukaja mwezi wa tatu wa tisini na tatu. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, jamaa ya Ntambwe wakiwamo, waliambiwa warudi kwao, hata wale waliozaliwa Kolwezi na babu zao kuzikwa hapo. Mzee Ntambwe na jamaa yake walitoka alfajiri na mizigo kichwani, vijana wakiwazomea njiani. Kalumba, mume wa Mado, mtu mpole asiye na neno na mtu, alisimama nyuma ya mlango uliofungwa, asiufungue. Wiki tatu jamaa ile ililala stesheni ikingoja treni. Mado aliwapelekea bukari, ugali wa kwao, kwa siri, lakini alimfungia Falonne nyumbani kwa kumhofia. Treni iliondoka wasichana wale hawajaagana.

Tangu hapo Falonne aliilaza mikono yake. Alifua, alilima mihogo pamoja na mama yake nje ya mji, maana mgodi ulikuwa umeanguka na shamba ndilo lililowalisha. Hakusema kitu na mtu. Mado alidhani amekua, ametulia.

Kesho yake baada ya barua, Mado alikwenda kwa Stanislas, mpiga picha wa harusi, mtu pekee pale mtaani mwenye kamera ya video. Alimkuta kitandani, malaria imemwangusha.

"Tata Stanislas, mi nataka umupige Falonne video, asemeshe Yolande. Henriette anarudia na treni ya siku ya tatu."

"Mi siwezi hata kusimama, mama," Stanislas alijibu kutoka chini ya blanketi. "Beba kamera. Finya kile kifungo chekundu, inaanza. Finya tena, inasimama. Usitetemeshe mikono."

Mado hakuwa amewahi kushika hata kamera ya picha za kawaida. Aliibeba kama anavyobebwa mtoto wa siku mbili. Akamkalisha Falonne sebuleni mbele ya dirisha, wima, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akafinya kifungo. Walipoitazama kwenye televizyo ya Stanislas, walimwona kivuli cheusi, na dirisha linang'aa nyuma yake.

"Jua iko nyuma yake," Stanislas alisema. "Iweke nyuma yako weye."

Mara ya pili walitoka uani. Mado alimwonyesha binti yake picha ya Yolande, kisha akakigusa kioo cha kamera kwa kidole. Falonne aliitazama picha, akaitazama kamera. Mabega yakamshuka. Mikono iliyolala mwaka mzima ikainuka, ikaanza, kwanza polepole, halafu mbio mbio, na Mado akausogelea kwa kamera uso ule ambao hakuwa ameuona ukichangamka siku nyingi.

Stanislas alicheka mpaka akakohoa. "Mama, mikono iko wapi? Unapiga uso tu. Na huyu kinywa yake iko ku mikono."

Mado hakucheka. Alirudi nyumbani, akakipindua kinu uani, akaweka kamera juu yake na kitambaa kilichokunjwa chini, akakisogeza nyuma mpaka kiuno, mikono na kichwa cha Falonne vyote vikaingia. Akachora mstari wa mkaa mahali pa kuweka kigoda. Kwa kuwa kamera sasa ilisimama yenyewe, yeye alibaki bila kazi, ikabidi amtazame mtoto wake akisema. Akatambua kwamba jambo moja linarudi, lile lile la mara ya pili: viganja viwili vinasukuma hewa, halafu ngumi inagonga kifua. Dakika tisa zilipita, kisha betri ikafa katikati ya neno.

Henriette aliondoka na kasete ndani ya gunia la samaki wakavu.

Jibu lilikuja mwezi wa nane. Mwenye chumba cha video huko Mwene-Ditu alikuwa amewafungulia asubuhi moja, na Yolande aliitazama kasete mara nne.

"Mama Mado," aliandika, "anasema kwetu kule banakata muti yetu ya matunda, ile ya avoka. Anasema tata Kalumba anakohoa sana. Kisha anasema kintu kimoja mara tatu. Siku moja mbele ya sisi kuenda, tuligombana ju ya kitana, akanisukuma, nikaanguka. Anawaza tulienda ju ya ile. Anaomba nirudie, hatanisukuma tena. Mama, hakuna mutu alimuelezea?"

Mado alimsomea Kalumba. Kalumba alisikiliza hadi mwisho, akaenda kukaa uani peke yake.

Nyuma ya barua Yolande alikuwa ameeleza maneno machache: "kosa" ni kidole kwenye paji la uso, "hakuna" ni kufuta kiganja, "kufukuza" ni kama unavyofukuza kuku. Mado alimwita Falonne. Akaonyesha nyumba iliyokuwa ya Ntambwe, akafukuza kuku wasiokuwapo, akagusa paji la uso la mtoto, akafuta kiganja. Akarudia. Falonne akauliza kitu. Mado hakuelewa. Falonne akakirudia polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga, na safari hii Mado akashika: nani?

Mado alionyesha barabara, kule vijana walikozomea. Akawaza kidogo, akaonyesha na mlango wao wenyewe.

Falonne aliinama, akalia bila sauti, na mama yake akamwacha alie. Alipomaliza aliushika mkono wa Mado, akamkunja vidole viwili, akamrudishia kiganja juu. Neno la mama yake la "hakuna" lilikuwa limepinda.

Walianza hapo. Mado alikuwa mwanafunzi mzito, vidole vimekakamaa kwa jembe, na Falonne hakuwa mwalimu mvumilivu. Lakini mvua ziliporudi walikuwa wakiweza kugombana juu ya zamu ya kuteka maji, na Kalumba, aliyekuwa akiwatazama, akaomba naye afundishwe jina lake mwenyewe kwa mikono.