Mnazi wa Posa

Sinywi mnazi, na wala si kwa sababu ya kanisa kama majirani zangu wa Ziwani wanavyodhani. Nina kinyongo na mnazi wenyewe.

Ule ninaousema uliletwa kwa basi kutoka pwani, dumu zima linalotoa povu kifunikoni, na kijana aliyekuja na wajomba zake kuniposa. Kwao, kama kwetu Ukambani, pombe ya posa haiguswi mpaka binti aulizwe. Akisema nyweni, amekubali. Akisema msinywe, wageni hubeba dumu lao wakaenda. Mimi nilikuwa nimeamua kusema msinywe. Kijana hakuwa na ubaya wowote, ila sikumpenda, basi.

Aliyejua ni dada yangu mkubwa peke yake. "Zii, simtaki," nilimwambia asubuhi ile tukikuna nazi za wali wa wageni.

"Poa, niko na wewe," akanijibu, akaendelea kukuna. Moyo ukatulia.

Wageni walipoketi sebuleni, nilikuwa jikoni nyuma ya pazia nakamua tui, mikono imezama kwenye machicha. Baba akaita kwa sauti ya sherehe: "Binti yangu, mnazi huu tunywe, tusinywe?"

Kabla sijafungua mdomo, dada, aliyesimama ubavuni mwangu na sahani, akajibu: "Nyweni, baba!"

Vigelegele vikapaa. Nilimkodolea macho. "Utanishukuru," akanong'ona. Nikatoka mbio, tui likinichuruzika hadi viwikoni. Baba tayari alikuwa na kikombe, povu limemganda kwenye masharubu.

"Baba, mimi sijajibu."

"Umejibu, mama. Sote tumesikia." Akajimiminia kingine bila kunitazama.

Kesho yake yule kijana alinipigia simu kuniuliza kama kweli nilikubali. Nikamwambia la. Akasema ni sawa, na hatukuonana tena. Na dada tuligombana mpaka tukachoka. Siku hizi tunacheka pamoja, ingawa siri yangu haipati ng'o.

Baba ndiye aliyenishinda. Mtu huyu hunitambua kwa kikohozi tu nikiwa bado nje, kabla sijabisha hodi. Sauti ya dada ni nzito, yangu nyembamba, na hajawahi kutuchanganya hata tukiwa wadogo. Alijua si mimi niliyejibu. Alijua, na akanywa.