Nani Analipa Machungwa?

Hapa Karatu hakuna mtu anayezijua filamu za ngumi kunizidi. Shule niliishia darasa la nne, nikaenda Mang'ola kubeba magunia ya vitunguu, na leo nina malori mawili na televisheni pana kama mlango wa kanisa. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu filamu, nisikilizwe.

Za upelelezi zinachosha. Mtu anaingia nyumba yenye muuaji, anaita, "Kuna mtu humu?" utadhani amepeleka kadi ya mchango wa harusi. Polisi wanafika watu wameshakwisha, halafu wanamfunika stelingi blanketi. Za ngumi ni bora, ila maadui ni wajinga: wako kundi zima na bado wanangoja zamu kama akina mama kliniki. Na kuna jambo moja nimelipigia kelele miaka yote, mke wangu ni shahidi. Stelingi akikimbia lazima apite sokoni, na akipita sokoni lazima aangushe meza ya machungwa. Mwenye machungwa anapiga yowe, basi, hatumwoni tena. Mimi ni mfanyabiashara, jambo hilo linaniuma.

Sasa, siku moja jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa imesali kwangu. Baada ya chai, jirani mmoja akasema lile teke la kuzunguka hewani ni ujanja wa kamera tu. Nikamwambia asogeze kiti. Niliruka na mabuti yangu ya shamba, nikazunguka, mguu ukafika pale ulipotakiwa kufika. Teke lilikuwa sahihi, wote waliona. Kabati la vyombo ndilo lilikuwa limekaa vibaya.

Ndani yake mlikuwa na vikombe vya maua ambavyo mama mkwe alimnunulia mke wangu alipoolewa, kwa mbaazi za msimu mzima. Hakikupona hata kimoja. Mke wangu hakugomba. Alifagia, akajifunga kanga yake, akarudi kwao Qurus. Nyumba ikapoa. Nilijipikia ugali, na wala haukuwa mbaya, ila hapakuwa na mtu wa kuusifia.

Jumapili mama mkwe akaja peke yake. Chai akakataa.

"Mkwe wangu, nimekuja nikione hicho kilichokuingia. Nikikiona, nitajua kama mwanangu arudi au abaki."

Nikafurahi. Nikachagua filamu yangu bora kabisa. Mama anajua Kiswahili cha mnadani, lakini yule DJ anayetafsiri anaongea cha vijana, tena mbio mbio, kwa hiyo nikawa namfafanulia.

"Huyu mwalimu wake ameuawa, mama. Sasa analipiza."

"Wazee walikaa?"

"Wazee gani?"

"Wa kulisikiliza hilo jambo."

"Hapana, mama. Huku hawakai. Wanapigana."

Akaguna. Stelingi akaingia sokoni, meza ikaruka, machungwa yakatapakaa.

"Simamisha," akasema. "Huyu wa machungwa amemkosea nini?"

"Hajamkosea, mama. Stelingi alikuwa anapita tu."

"Haya, endelea. Tumwone akirudi kumlipa."

Filamu ikaisha, hakurudi. Nikaweka nyingine, huko wakavunja mgahawa mzima. Nikaweka ya upelelezi, gari likapanda juu ya nyanya. Mama mkwe amejifunga shuka, hapepesi macho.

"Mkwe, niwekee ile ambayo analipa."

Sikutaka kusema sina, maana nimezoea kusema ninazo zote. Nikatoka mpaka kwa muuza filamu pale stendi.

"Nipe ile ambayo stelingi analipa machungwa."

"Analipa nini?"

"Machungwa! Aliyoyaangusha!"

"Mzee wangu, hiyo haijatengenezwa. Akisimama kulipa, adui si atamkimbia?"

Nikarudi mikono mitupu. Nikamweleza mama kwamba haipo, na kwamba dunia nzima mwenye machungwa hana mtetezi isipokuwa mimi.

"Isipokuwa wewe," akasema, huku akitazama pale kabati lilipokuwa. Akaendelea kutazama.

Nikaelewa upesi sana, maana akili ninayo.

Siku chache baadaye lori langu liliingia Qurus bila kitunguu hata kimoja. Lilibeba kabati jipya na boksi la vikombe vya maua, nilivyovitafuta hadi Arusha. Mama mkwe aliketi uani kwenye kigoda kama mtu aliyekata tiketi. Mke wangu akatoa kikombe kimoja kimoja, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio.

"Na yale mabuti?"

"Nimeyaacha nyumbani."

"Yakae stoo."

Akapanda mbele, amepakata boksi, na kila shimo la barabara ananiambia, "Taratibu wewe!" Sijawahi kuendesha hivyo. Mkokoteni wa punda ulitupita.

Kabati tumelipigilia misumari ukutani. Filamu bado natazama, naye anatazama pamoja nami. Meza ya machungwa ikianguka, anachukua rimoti, anasimamisha, ananigeukia. Nami namwambia ukweli: hao wote ni wakimbizi tu. Stelingi aliyerudi sokoni ni mmoja, na amekaa naye kwenye kochi.