Herufi Ishirini na Tano za Kompyuta ya Mvua

Kompyuta ya mume wangu ilikataa kuwaka asubuhi ya Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024, nilipokuwa nimetoka kumwaga maji ya kipimamvua. Taa yake ya kijani iliwaka, feni ikavuma, kisha kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe wa Kiingereza uliosema kwamba kitu fulani hakionekani. Niliusoma mara mbili. Mwenye kompyuta naye alikuwa haonekani tangu Jumatano, tarehe 17 Novemba 2021, siku tuliyomzika hapa Mungaa.

Ndani ya kompyuta ile ilikuwamo mvua yetu. Kuanzia Februari 2008, kila siku iliponyesha, mume wangu, aliyekuwa mwalimu mstaafu, alisoma kipimamvua saa tatu asubuhi, akaingiza milimita katika programu ndogo aliyotengenezewa na mwanafunzi wake wa zamani. Pembeni mwa milimita palikuwa na nafasi ya maelezo, mstari mmoja tu. Humo aliandika lolote lililompendeza. Alipokuwa hai niliona haya kuyasoma. Alipoondoka niliogopa kuyamaliza. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: mvua ikinyesha, ninafungua kompyuta na kusoma mistari ya tarehe ile ile katika miaka yake. Isiponyesha, sisomi. Kiangazi chote nilikaa bila kumsikia, na mawingu ya Novemba yalipoanza kukusanyika upande wa Ikungi, nilihisi kama mtu anayesikia hatua za mgeni wake uani.

Alhamisi, tarehe 7 Machi, niliifunga kompyuta kwa kitenge, nikaipakata hadi Singida mjini, kwa fundi mmoja nyuma ya soko. Fundi huyo ni mwanamke wa makamo, binti wa familia ya wafanyabiashara, mwenye ushungi uliopigwa pasi na bisibisi nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Alifungua kitenge, akainamisha pua. "Mama, mbona mgonjwa ananukia chapati?"

"Ni mafuta ya alizeti. Ninaifuta kila Jumamosi."

"Kompyuta?"

"Na viti. Na milango."

Kwetu alizeti haikosekani, na mti uliopakwa mafuta hung'aa na haupasuki. Sikuona sababu ya kuinyima kompyuta heshima vinayopewa viti. Fundi hakubisha. Aliiunganisha na kioo chake, akabonyeza hapa na pale, kisha akavuta kigoda akaketi karibu yangu.

"Inatakiwa ipigwe windows upya," alisema. "Kumbukumbu zako ziko upande wa pili wa diski, nimeziona, salama kabisa. Ila windows yenyewe ni ya kale, mama. Wenzake wote wameshazikwa. Nikikupigia mpya, hiyo programu ya mvua haitafunguka."

"Basi nipigie ya kale."

"Sidii yake unayo?"

Nilikuwa nayo, katika bahasha yake, na tarehe ya kununuliwa juu ya bahasha. Fundi alitabasamu. "Sasa nahitaji namba ya leseni. Herufi na tarakimu ishirini na tano, zimepangwa tano tano. Huwa zimebandikwa ubavuni."

Akaigeuza kompyuta. Karatasi ya kubandikwa ilikuwapo, imeshika vizuri pembe zote nne, nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Alinitazama. Nilitazama mlangoni.

"Mama, umezifuta."

"Naona."

"Si neno. Ninazo namba za mtaani. Nusu ya mji huu wanatumia hizo hizo."

"Mume wangu aliinunua kwa haki. Haitafunguliwa kwa namba ya mtu mwingine."

"Yenyewe haitajua, mama."

"Mimi nitajua."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyewahi kuwa na mama wa aina yangu. "Haya, katafute. Mimi nipo. Lakini kama hutaki za mtaani na ya kwako haipo, hiyo mvua itabaki humo ndani."

Niliiacha kompyuta kwake, nikarudi nyumbani na maneno hayo. Kitu kimoja kilinisumbua njiani kote, nacho kilikuwa jinsi alivyosema "tano tano". Nilihisi kwamba nilishawahi kupita mahali hapo, kama mtu anayeingia katika nyumba ngeni na kujua mtungi ulipo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi, baada ya chakula cha mchana nilijilaza kwenye mkeka. Mvua ndogo ilikuwa inatembea juu ya bati. Kati ya usingizi na kuamka nilimsikia mume wangu, wala hakuwa akiniita. Alikuwa anasomesha, kwa sauti ile ya darasani isiyo na haraka: herufi tano, kimya; herufi tano, kimya. Katika kimya kile nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, nami nilijua kwamba kalamu ile ilikuwa yangu.

Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na mitatu na wajukuu wawili. Mchana nilifundishwa huko, jioni nilifundishwa nyumbani na mume wangu. Juu ya kila ukurasa niliandika siku, tarehe, mwezi na mwaka, kwa kuwa tarehe ndicho kitu cha kwanza nilichoweza kuandika bila kosa, na tangu hapo sijawahi kuiacha. Kompyuta ililetwa Alhamisi, tarehe 7 Februari 2008. Jumamosi, tarehe 9, tuligombana.

"Unabahatisha," aliniambia.

"Ninasoma."

"Unasoma herufi mbili za mwanzo, zilizobaki unazijaza kwa akili. Akili unayo tele. Hiyo ndiyo inayokuharibia."

Akatazama huku na huku, akaishika kompyuta mpya, akaigeuza ubavu, akaanza kunisomea imla. Niliandika tano, nikaandika tano nyingine, hadi nikaweka kalamu chini.

"Hili ni neno gani?"

"Si neno."

"Sasa litanisaidia nini?"

"Halibahatishiki. Andika mara tatu."

"Kumbe nimeolewa na kichaa."

"Mara tatu, mama watoto."

Madaftari yangu yote nimeyahifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipoamka nililivuta, nikapekua hadi nikakutana na tarehe ile. Panya walikuwa wamekula pembe ya ukurasa pamoja na mwisho wa mstari wa kwanza. Mstari wa pili ulikuwa mzima, herufi zake nene zimekandamizwa kwa hasira hadi zimetokeza upande wa pili wa karatasi. Mstari wa tatu sikuuandika. Mahali pake niliandika: Nimechoka. Naye alikuwa ameweka alama ya vyema, kwa wino mwekundu, pembeni mwa neno hilo, kwa kuwa lilikuwa neno la kwanza nililoandika bila kusomewa na mtu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi, nilikuwa dukani kwa fundi kabla hajafagia. Alipofika kwenye visanduku vitano vya namba alinipisha kiti. Niliingiza herufi zangu kwa kidole kimoja, daftari likiwa magotini, na sikubahatisha hata moja. Kompyuta ikakaa kimya kwa muda, kisha ikaendelea na kazi yake. Fundi alipiga makofi mara moja tu, taratibu.

Baadaye uso wake ulibadilika. "Mama, imekubali, lakini inataka ithibitishwe kwa mtandao ndani ya siku thelathini. Nimejaribu, haiitiki. Zikiisha, itajifunga. Ngoja nikutolee mistari yote kwenye karatasi, ni kazi ya muda mfupi."

Niliufikiria ushauri wake. Ulikuwa wa busara. Lakini nilijijua: maandishi ya mashine ninayapitia haraka, ninashika mwanzo na kujaza mwisho.

"Nitayaandika kwa mkono."

"Yote?"

"Yote."

Alitikisa kichwa, akaanza kuifunga kompyuta katika kitenge changu. "Sisi mfungo unaanza kesho. Basi tutamaliza pamoja, mama. Mimi na njaa, wewe na kalamu."

Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila siku, baada ya kipimamvua, niliketi na kunakili, inyeshe isinyeshe, maana utaratibu wangu wa zamani haukuwa na nafasi tena. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa tarehe 9 Februari 2008: *Milimita 9. Imla isiyobahatishika. Amenuna.* Nilicheka peke yangu, kuku wakakimbia kizingitini. *Milimita 22. Paa la jikoni linavuja. Anasema alinionya Jumanne. Ni kweli.* *Milimita 41. Barabara imekatika. Tumekula viazi vitamu na kufurahi kutotembelewa.* *Milimita 3. Amesoma gazeti lote bila kuinua kichwa. Nimejifanya nimelala.*

Siku zile nilikuwa sijui vizuri niko mwaka gani. Nilitoka nje nikategemea kumkuta yule mbuzi mwembamba tuliyemuuza zamani. Nje ilinyesha mvua ya sasa, ndani ikanyesha ya 2011, na mkono wangu ulipita kati ya hizo mbili bila kulowa.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili, zikiwa zimebaki siku mbili, nilifika Jumamosi, tarehe 20 Machi 2021. Tarehe hiyo mvua haikuwa imenyesha tangu alipoondoka, kwa hiyo mstari wake ulikuwa haujanifikia. Uliandikwa hivi: *Milimita 7. Ameifuta kompyuta tena kwa mafuta. Namba za ubavuni zimekwisha kabisa. Sijamwambia. Anazo kwenye daftari lake.*

Niliunakili herufi kwa herufi. Kisha nikaunakili mara ya pili, na ya tatu.

Jumatano, tarehe 10 Aprili, kompyuta ilijifunga kama fundi alivyosema. Nilikuwa nimemaliza jana yake. Niliifuta kwa kitambaa kikavu, nikaifunika, kisha nikatoka na daftari hadi kwenye kipimamvua, na chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika wangu: *Milimita 6. Kalamu imekwisha wino, nimeanza nyingine.*